Glasi ya Tano

Kama wiki iliyopita ulifungia samaki gazeti kabla hujanisoma, usijali. Mimi ni yule binti wa maabara ya meno ya bandia, ninayekusanya glasi kuukuu za kristali na ninayeona haya hata kumwambia msusi kwamba anazivuta nywele.

Mliniacha mlangoni mwa duka la dawa, glasi ya tano mkononi. Mfamasia alikuwa akiitumia kuwekea kalamu. Nilimpa glasi sita mpya za dukani badala yake, akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa na kitu kichwani.

Sita mpya kwa moja yenye wino. Ndivyo tulivyo sisi wakusanyaji.

Glasi zenyewe tunaziita Nanasi, kwa sababu zimechongwa vijipande vyenye ncha mwili mzima, kama ganda la nanasi. Baba yangu alizibeba kwenye trei miaka thelathini na moja, alipokuwa mhudumu wa hoteli. Zilikuwa kumi na mbili. Tatu zilivunjika mbele ya macho yake, na hadi leo anawakumbuka waliozivunja mmoja mmoja, na viatu walivyokuwa wamevaa. Hoteli ilipofungwa, tisa zilizobaki zikatawanyika.

Nne nilikuwa nazo mimi. Nne anazo Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyemo katika chama chetu cha wakusanyaji. Hiyo ya kalamu ikawa ya tano kwangu.

Sheria ya chama ni kwamba seti haigawanyiki. Mwenye glasi nyingi akidai, mwenye chache anampa zake na kulipwa glasi nyingine za aina nzuri kutoka kabati la mwenzake. Wakilingana, anachukua mwenye umri mkubwa. Siku ile ile niliyotoka duka la dawa nilimwandikia Katibu wa chama barua ya kudai. Tano kwa nne.

Sikuwa na tamaa. Jumatatu kaka anakuja kumchukua baba akakae kwake, mbali, kwa sababu ngazi za kwetu zimeyashinda magoti yake. Baba ameomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: aandae meza moja ya mwisho, glasi zote tisa, kama alivyokuwa akiandaa.

"Na safari hii nikae," alisema. "Miaka thelathini na moja nimesimama."

Nilikwisha kumwomba Mwalimu aniazime zake kwa siku moja. Alinikatalia kabla sijamaliza sentensi. "Nanasi zangu hazitoki kabatini, mwanangu. Hata mjukuu wangu hazigusi."

Basi ikabaki kudai. Kuhesabiana kulipangwa Jumamosi.

Alhamisi jioni mambo yakaanza kwenda mrama.

Nilikuwa naiosha ile glasi ya tano, nikitoa wino wa mwisho chini ya kitako, baba akaja jikoni na kitambaa begani.

"Nipe niifute."

"Nitafuta mimi, baba."

"Wewe unafuta kama unapangusa meza. Glasi haifutwi, mama. Inazungushwa." Akaniita mama kama anavyoniita siku zote anapotaka kitu.

Ningesema hapana. Mtu mwingine yeyote angesema hapana. Mikono ya baba inatetemeka siku hizi, na macho yake yameingiwa na ukungu. Lakini nilimwangalia alivyokwisha kukikunja kile kitambaa, kidole gumba ndani, kama mtu anayevaa saa yake, nikampa.

Akazungusha mara moja, vizuri kabisa. Akazungusha mara ya pili, mkono ukaruka, mdomo wa glasi ukagonga bomba.

Tik.

"Imegonga?" akauliza.

"Kidogo tu."

"Wewe ukisema kidogo tu huwa kuna mtu kalazwa."

"Ni bomba lililolia, baba."

Akaiinua sikioni, akaipiga kwa ukucha. Ikalia, sauti ndefu na nyembamba iliyozunguka jikoni na kukataa kuisha.

"Inalia," akasema, uso umemchangamka. "Ikilia ni nzima."

Nikaipokea na kupitisha kidole gumba ukingoni. Pengo lilikuwepo. Dogo, kama punje ya mchele, lakini lilikuwepo. Glasi yenye pengo dogo hulia vilevile. Hilo baba hakulijua, na mimi sikuwa na moyo wa kumfundisha siku nne kabla ya safari yake.

Glasi yenye pengo haihesabiwi. Tano zangu zikawa nne. Nne kwa nne, na Mwalimu ana umri wa kunizaa mara mbili.

Ijumaa nikaibeba kwenda nayo kazini.

Sikuwa na mpango wowote wa hila, naomba mniamini. Nilitaka kuliangalia lile pengo kwa lenzi yetu kubwa, nijue lina kina gani, pengine nijidanganye kwamba ni doa. Nilifika mapema, nikaifungua kwenye kitambaa, na kabla sijavuta kiti kengele ya mlango ikalia. Mjumbe wa daktari wa meno alikuwa ameleta chapa za mdomo za mgonjwa, anataka kusainiwa.

Meza yangu ilikuwa imejaa taya za plasta. Nikaiweka glasi mahali pa kwanza palipokuwa wazi, nikaenda mlangoni.

Mjumbe alikuwa na maneno mengi kama kawaida yake. Mimi siwezi kumkatiza mtu. Nilisimama nikaitikia habari za goti la mama mkwe wake hadi mwisho, na nikaongezea pole.

Niliporudi, mota ya kung'arishia ilikuwa ikizimika.

Nina mwenzangu kazini tunamwita Fasta. Jina limemkaa. Yeye akiazima kalamu yako, ukigeuka ameshairudisha pamoja na barua aliyokuandikia. Alikuwa amesimama mbele ya mota, miwani ya kukinga vumbi usoni, ameinua glasi yangu kwenye mwanga.

"Kazi safi," akasema. "Hutapaona palipokuwa na pengo hata ukipewa ramani."

Nikaishika meza kwa mikono miwili.

"Nimeanza na gurudumu laini, maji matone matone, nikamalizia na brashi na unga. Nimeuviringisha ukingo, sikuuacha bapa. Shoga, unalia?"

"Kwa nini umeigusa?"

"Umeniwekea."

"Sijakuwekea."

"Ilikuwa trei ya kushoto."

Nikatazama. Kweli. Kwenye maabara yetu trei ya kulia ni ya kazi iliyokwisha, trei ya kushoto ni ya kung'arisha. Kitu chochote kikikaa trei ya kushoto hakiulizwi kimetoka wapi. Mwaka jana Bosi alisahau pale kijiko chake cha chai, akakikuta kinang'aa kama kioo cha kinyozi.

"Fasta, ile ni glasi. Sisi tunatengeneza meno."

"Kitu kimekaa trei ya kushoto na kina pengo. Ulitaka nikifanye nini, nikisalimie?"

Hapo ndipo ningemfokea. Mdomo niliufungua. Lakini alikuwa amevua miwani na macho yake yamejaa wasiwasi, na niliona vumbi jeupe kwenye kope zake, nikajua ameinama pale nusu saa nzima ili anifurahishe.

"Imependeza," nikasema. "Asante."

Nikaenda chooni nikajiuma kiganja.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Kwenye chama chetu glasi yenye pengo ni mgonjwa, tunaihurumia. Glasi iliyopigwa msasa kuficha pengo ni mwongo. Haihesabiwi, na anayeileta mezani kama nzima anatoka kwenye chama, na seti inabaki kwa mwenzake. Hakuna atakayekuuliza ni nani aliyeipiga. Sijui watu wazima kumi na mmoja waliketi wapi wakatunga sheria kali namna hiyo kuhusu vyombo vya kunywea, lakini walitunga, nami niliitia sahihi.

Nikampigia Katibu simu kutoka chooni.

"Shikamoo, Katibu. Nilitaka kujua kama barua ya kudai inaweza kurudishwa."

"Marahaba. Barua iliyokwisha kusomwa inarudi wapi? Aliyedai akijitoa ni kama ameshindwa. Zake zinakwenda kwa mwenzake."

"Zote?"

"Seti haigawanyiki, binti. Kuna nini? Glasi ina pengo?"

"Hapana," nikasema.

Na sikudanganya. Pengo halikuwepo tena. Nilikaa juu ya mfuniko wa choo nikitafakari jinsi mtu anavyoweza kusema kweli tupu na bado akajisikia mwizi.

Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu wa plasta. Nikiiacha nyumbani, nne kwa nne, zinakwenda zote. Nikiipeleka na kuitangaza, haihesabiwi, zinakwenda zote. Nikiipeleka na kunyamaza, meza ya baba inakamilika.

Jumamosi asubuhi nilimkuta baba amevaa shati jeupe, kola imefungwa hadi juu, anakata karatasi za kuwekea chini ya glasi. Amezikata duara tisa. Nyingine zilikuwa na umbo la viazi kwa sababu ya macho yake, lakini zilikuwa tisa.

"Wakikupa hizo nne, usizibebe kwa kuzipachika moja ndani ya nyingine," akasema. "Zitang'ang'aniana kama ndugu wenye urithi."

"Sawa, baba."

"Na usitazame chini unapoongea nao. Mhudumu anayetazama chini anapewa lawama ya supu asiyoimwaga."

"Wanaweza wasinipe, baba."

"Tano na nne, kipi kikubwa?"

Nikageuzia uso dirishani. Akadhani ni kiburi, akacheka.

Bafuni nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu. "Katibu, kabla ya kuhesabu, naomba niseme ya tano imepigwa msasa." Maneno kumi. Niliyasema mbele ya kioo mara ishirini, na kila mara yalitoka vizuri, maana kioo hakinitishi.

Chama hukutana chumba cha nyuma cha duka la Katibu, ambaye ni fundi saa. Kuta zote ni saa, na hakuna mbili zinazokubaliana. Wanachama walikuwa wamekwisha kukaa, wengi wao wazee, na katikati meza ndefu yenye kitambaa cheusi ili kasoro zionekane.

Mwalimu alikaa upande wa pili. Mwembamba, kilemba cha kijivu, mgongo haugusi kiti. Nne zake zilikuwa mbele yake, zikimeta kiasi kwamba zangu zilionekana kama zimetoka shambani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepauka. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala," akasema, na kuangalia pembeni.

Nikapanga zangu tano. Nikavuta pumzi. "Katibu, kabla ya..."

"Kabla ya yote tufungue kikao," Katibu akasema, na kuanza kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Alisoma zote. Alisoma hadi aliyepiga chafya. Kila alipomeza mate nilifungua mdomo, na kila nilipofungua mdomo alipata mate mapya.

Alipomaliza nilikuwa nimebakiwa na maneno matatu kati ya kumi.

"Mdai ana tano," akasema. "Mdaiwa ana nne. Wakaguane."

Kukaguana ni desturi yetu. Wanaogombea seti hawaangaliwi na mtu baki. Kila mmoja hufumba macho na kupitisha kidole kwenye midomo ya glasi za mwenzake, kisha husema neno moja kwa kila glasi: nzima, pengo, au msasa. Neno lake linaandikwa. Katibu husema kidole cha mwenye tamaa hakikosi kitu.

"Mwalimu, anza wewe."

Mwalimu akafumba macho. Kidole chake kirefu kikazunguka glasi yangu ya kwanza bila haraka, kama mtu anayesoma.

"Nzima."

Ya pili, nzima. Ya tatu. Ya nne. Mimi nilikuwa nahesabu vifungo vya sweta langu.

Ya tano, kidole kikaanza kuzunguka, kikafika mahali pale, kikasimama.

Kikarudi nyuma. Kikapita tena. Kikarudi mara ya tatu, polepole, nami nikakitazama kama mtu anayetazama maji yakipanda ngazini kwake. Fasta ni fundi hodari, lakini ukingo uliong'arishwa jana una ukavu fulani, na umeshuka unene wa uzi. Anayejua anajua.

Mwalimu akafumbua macho akanitazama. Si kwa hasira.

"Nzima," akasema.

Katibu akaandika. Tano.

Sikuelewa. Nilikuwa nimejikaza kupokea kofi, na kofi halikuja, na mwili haukujua uende wapi.

"Zamu yako, binti. Za Mwalimu."

Nikafumba macho. Nikanyoosha kidole kwenye glasi yake ya kwanza.

Mimi ninaishi kwa kugusa kingo. Kutwa nzima natafuta kwa ncha ya kidole kile kikwaruzo kitakachomuumiza bibi fulani ufizi. Na ukingo wa Nanasi ninaujua kuliko ninavyoujua uso wangu: umeviringika, kwa sababu kiwandani ulimalizwa kwa moto.

Ukingo wa Mwalimu haukuwa umeviringika. Ulikuwa bapa, una ncha mbili nyembamba ndani na nje, kama ukingo wa bati. Fundi aliyeupiga msasa hakuwa Fasta. Alikuwa mtu wa haraka mwenye jiwe la kunolea visu.

Nikagusa ya pili. Bapa.

Ya tatu ilikuwa nzima. Ya nne, bapa.

Nilibaki nimefumba macho, kwa sababu nikifumbua ingebidi niseme neno.

Basi yote yakanijia kwa pamoja, pale gizani. Kwa nini hazikutoka kabatini. Kwa nini hata mjukuu hakuzigusa. Miaka miwili tulikuwa nne kwa nne, na mwenye umri mkubwa ndiye anayechukua. Mwalimu angeweza kudai zangu siku yoyote. Hakudai. Nilidhani ni huruma, na kila Jumamosi nilimletea maua kwa ajili ya huruma hiyo. Kumbe alikuwa anaogopa kidole changu.

Na sasa ameniachia yangu, ili nimwachie zake.

Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye anajua jibu.

"Ya kwanza?" akauliza Katibu, kalamu tayari.

Neno moja tu. Ningesema nzima mara nne, tano kwa nne, ningeweka glasi tisa kwenye karatasi tisa zenye umbo la viazi. Mwalimu angelipwa glasi nyingine na jina lake lingebaki. Hakuna ambaye angeumia. Nilitafuta mtu ambaye angeumia, nikamkosa, na bado neno lile sikulitaka.

Kwa sababu baba angeinua ile ya tano. Angeipiga ukucha, aseme ni nzima, na mimi ningekaa pale nikitabasamu na uongo wa watu wawili mezani, wangu na wa Mwalimu, siku ya mwisho ya baba nyumbani kwangu.

"Binti. Ya kwanza."

"Katibu," nikasema, "ya tano yangu."

"Ya tano yako imekwisha kupita."

"Kaa chini, mwanangu," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini.

"Imepigwa msasa."

  Saa mojawapo ukutani ilichagua wakati huo kupiga saa tisa, nyingine ikaibishia.

"Imepigwa wapi?" akauliza Katibu.

"Kazini kwangu."

"Na nani?"

"Kazini kwangu," nikarudia. Fasta hakuwa na kosa, na jina lake halikuwa na kazi katika kitabu kile.

"Ulijua ulipokuja nayo?"

"Nilijua. Nilitaka kusema mwanzo. Kumbukumbu zilikuwa ndefu."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Nikakaa. Kifua kilikuwa chepesi, chepesi ajabu. Nimeshindwa, nikawaza, na limekwisha. Nitatoka kwenye chama. Nitarudi nyumbani nimwambie baba kwamba bomba halikulia peke yake. Mwalimu ataondoka na tisa, na siri yake itabaki kidoleni mwangu. Nilidhani ukweli wangu ulikuwa wa kwangu peke yangu, kama mswaki.

Nyie mnaonisoma mmekwisha kuona nilichokuwa sijakiona.

Katibu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amemgeukia Mwalimu, na alikuwa amevua miwani.

"Mwalimu," akasema polepole. "Miaka ishirini na mbili unakagua glasi kwenye meza hii. Juzi tu uligundua pengo ambalo mwenye glasi mwenyewe hakuwa analijua. Leo umepitisha kidole mara tatu, mimi nimehesabu, ukasema nzima."

"Nimezeeka."

"Umezeeka kidole?"

"Macho yangu..."

"Hatukagui kwa macho."

Mwalimu akanyoosha kilemba chake. Nikatamani kurudisha saa nyuma, na mle ndani zilikuwa mia moja na hakuna hata moja iliyotaka.

"Mtu akimfichia kosa mpinzani wake aliyekuja kuchukua glasi zake," Katibu akaendelea, "mimi najiuliza anapata nini."

"Nilimhurumia mtoto," Mwalimu akasema. "Ana baba anayeondoka. Kila mtu hapa anajua."

Minong'ono ikapita mezani, mingine laini, mingine si laini. Nikaona upenyo. Ndiyo, nikawaza, huruma, mwaminini, andikeni huruma tufunge kikao.

"Inawezekana," Katibu akasema. "Basi tumalize ukaguzi. Binti hajasema za Mwalimu zikoje."

"Ameshindwa," nikasikia sauti yangu. "Nimeshindwa, yaani. Zichukue zote, Mwalimu. Hakuna haja."

"Haja ipo. Kama zake nazo si nzima, seti haina mwenyewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Seti isiyo na mwenyewe. Tisa zote kwenye kabati la Katibu, mlango umefungwa, hakuna meza, hakuna Mwalimu, hakuna baba. Kwa kusema kweli kuhusu glasi moja nilikuwa nimezifungulia mlango nyingine tatu.

Na la kunikera zaidi, sasa wangeniamini. Robo saa iliyopita uongo wangu ungekuwa wa mtu mwoga, wangeutafuna kwanza. Sasa ungekuwa uongo wa msema kweli, na huo watu huumeza mzimamzima.

Katibu akafuta kidole chake kwa leso, kama afanyavyo kabla ya kugusa saa ya mteja, akakinyoosha kwenye glasi ya kwanza ya Mwalimu.

Mkono wa baridi wa Mwalimu ukavuka chini ya meza, ukanishika kifundo cha mkono. 

"Usiguse wewe," Mwalimu akasema, sauti yake imenyooka kama mgongo wake. "Sheria inasema mdai ndiye anayekagua. Muulize yeye. Atakalosema, nimelikubali."

Kidole cha Katibu kikasimama hewani, unene wa ukucha juu ya ukingo. Wote wakanigeukia mimi, ambaye maishani mwangu sijawahi kusubiriwa na mtu niongee.